“Taimingi” Moja, Maradhi Mawili

Neno moja lilinigharimu mnyororo mzima wa injini. Gari langu, Toyota Corolla kuukuu ya 1982, lilianza kutetemeka kila liliposimama kwenye foleni, injini ikisitasita kama mtu mwenye kigugumizi. Fundi aliinama, akasikiliza, akanena: “Mwalimu, taimingi imeruka.” Nami, msomi wa isimu niliyepaswa kuuliza maana kabla ya kutoa pesa, nikanunua mnyororo. Ulipokwisha kufungwa, mtetemeko ulibaki vilevile.

Kumbe neno hilo, katika gereji zetu, hubeba maana mbili. Ya kwanza ni mnyororo au mkanda unaounganisha kranki na kamshafti ili vali zifunguke kwa zamu. Ya pili ni wakati ambapo plagi hutoa cheche. Cheche haitakiwi kungoja hadi pistoni ifike kileleni. Sharti itangulie kidogo, maadam petroli na hewa huchukua muda kuungua. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki hugeuka nyuzi 18 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde! Katika mwendo wa kusimama, ambao mafundi wengi huuita “sailensa”, cheche ya magari mengi ya zamani huwekwa nyuzi 5 hadi 10 kabla ya kilele, na kiasi halisi cha kila gari kimo katika kitabu chake.

Fundi wa pili, mzee wa jua kali, hakutaja kipuri chochote. Alitega sikio kwanza, akitafuta mlio wa hewa inayoibwa na mpira uliopasuka, kwani hewa hiyo huvuruga mchanganyiko wa kabureta. Hakuusikia. Kisha, kwa koleo lenye mpini wa mpira, alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine huku injini ikiwaka. Kila alipochomoa, mwendo ulishuka. Basi silinda zote nne zilikuwa zikifanya kazi. Lau moja ingekuwa imekufa, kuchomolewa kwa waya yake kusingebadili kitu. Akafungua distribyuta, akasafisha pointi na kupima upana wa nafasi yake. Hapo nilijifunza utaratibu ambao wanafunzi wa ufundi hawana budi kuushika: pointi hutangulia, taimingi hufuata, kwa kuwa kubadili nafasi ya pointi hubadili pia wakati wa cheche. Anayegeuza utaratibu huo hufanya kazi moja mara mbili.

Hatimaye alipaka chaki alama ya puli ya kranki, akachomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta na kuuziba, akaunganisha taa yake kwenye waya ya plagi ya kwanza. Taa hiyo humweka kila cheche inapotoka, hata alama inayozunguka ikaonekana kana kwamba imesimama. Yetu ilisimama mahali pasipo pake. Bolti ya distribyuta ilikuwa imelegea. Aliizungusha distribyuta kidogo kinyume cha mzunguko wa rota, alama ikarejea, injini ikatulia. “Moto ulikuwa unachelewa,” akasema.

Tazameni usemi huo. Walimu wenzangu hulalamika kwamba Kiswahili kimepungukiwa na istilahi za ufundi, nao hungoja orodha zitungwe ofisini. Ilhali mzee huyu anatofautisha bila taabu “moto unachelewa” na “mnyororo umeruka”, tofauti ambayo neno la mkopo “taimingi” limeifuta. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi husoma kitabu cha Kiingereza asubuhi, jioni akaelezwa kazi kwa Kiswahili cha gereji, na baina ya viwili hivyo hana kamusi. Ningependa kuona wanafunzi wetu wa isimu wakipelekwa gereji na madaftari yao, wakaandike mafundi wanavyosema wenyewe. Kazi hiyo ina mafuta na masizi, na huenda ndiyo sababu tumeikwepa.

Magari mapya hupangiwa cheche na kompyuta, lakini ya zamani yangali yanatembea, na wenye nayo si matajiri wa kununua vipuri kwa kubahatisha. Mnyororo ule wa kwanza ninao ofisini, juu ya kabati la vitabu. Haukuwa umelegea hata kidogo.