Kabla ya kumkabidhi msee watoto wa mtaa, mchuje kwanza

Likizo ikikaribia, ujumbe huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp mtaani: tunatafuta vijana wa kujitolea, kazi ni kufundisha watoto, kucheza nao na kuwapikia, unachohitaji ni moyo tu.

Jumatatu vijana kumi na watano wanajitokeza. Wanagawiwa fulana, picha inapigwa, na kufikia saa nne kila mmoja yuko na kundi lake la watoto. Hakuna aliyeulizwa anatoka wapi.

Noma huanzia hapo. Huo "moyo tu" ndio kitu rahisi zaidi kuigiza. Mtu mwenye nia mbaya haji amekunja uso. Anafika mapema, anajua majina ya watoto wote, na jioni wengine wakienda kutafuta matatu yeye anasema, "Nyinyi endeni, nitabaki nao."

Kesi mbili za kukufungua macho

Gregory Dow, Mmarekani kutoka Pennsylvania, alifungua makao ya watoto Bomet mwaka wa 2008. Alijulikana kama mmishonari. Mwaka wa 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu kingono wasichana waliokuwa chini ya ulinzi wake. Rekodi yake ilikuwepo kitambo: mwaka wa 1996, katika jimbo la Iowa, alikiri kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Ilikuwa tu nchi nyingine, na watoto wa Bomet hawakuwa na wa kuwatafutia.

Kesi ya pili ni ya Matthew Durham, kijana kutoka Oklahoma. Huyu alikuja Kenya kama volantia katika makao ya watoto, na hakuwa mgeni kwao kwa sababu alishakuja awali. Mwaka wa 2014, akiwa na miaka 19, aliishi ndani ya makao yenyewe, karibu na watoto. Mwaka wa 2016 alihukumiwa miaka 40 jela kwa kuwadhulumu watoto hao.

Tofauti yao ndiyo somo. Dow angenaswa na karatasi. Lakini kijana wa miaka 19 ana rekodi gani ya kuonyesha? Huyo huzuiwa na kanuni za nyumba: nani analala wapi, nani anabaki na nani, na mtoto akisema kitu anasikizwa na nani.

Na usijidanganye kwamba hii ni shida ya wazungu. Fuatilia habari za mahakama zetu, utakutana na walimu, majirani na jamaa wa watoto wenyewe.

Karatasi inasema nini, haisemi nini

Cheti cha tabia njema, kile ambacho kila mtu aliyewahi kusaka kazi anakiita good conduct, hutolewa na idara ya DCI. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa Sh1,050, unachapisha fomu ya C24 na kwenda kuwekwa alama za vidole, iwe ni Huduma Centre au makao makuu ya DCI pale Kiambu Road.

Hicho cheti kiitishwe kwa kila mtu, hata yule mnayemjua tangu utotoni. Mgeni kutoka ng'ambo alete cha kwao pia, kwa sababu cha hapa hakijui aliyoyafanya kwingine.

Lakini kielewe vizuri. Kinaonyesha kama mtu ana rekodi ya jinai. Hakionyeshi kesi iliyozimwa kwa kikao cha wazee na mbuzi mmoja. Mtu aliyefukuzwa shule tatu kimyakimya bado anaweza kupata cheti safi kabisa.

Halafu kuna suala la pesa. Wengi wanaojitolea ni sisi tulioacha chuo njiani au tuliomaliza na hatuna kazi, na tunatafuta kitu cha kujaza CV. Kumwambia mtu kama huyo atoe zaidi ya thao moja ndipo afanye kazi ya bure si haki. Shirika lilipe, au limrudishie pesa akishapita. Kama bajeti ni ndogo, heri volantia watano waliochujwa kuliko ishirini msiowajua.

Mchujo wenyewe

Anza kwa kuandika kazi ni ipi. "Kusaidia watoto" si kazi. "Kufundisha hesabu darasa la sita, Jumamosi saa tatu hadi saa sita, ukumbini" ni kazi. Ukiandika hivyo, utamgundua haraka anayetaka kuwa kwingine saa nyingine.

Kisha fomu fupi, kopi ya kitambulisho na majina ya watu wawili wanaomjua ambao si wa familia. Wapigie simu. Wengi huandikisha wadhamini na hakuna anayewapigia! Uliza moja kwa moja: "Je, unaweza kumwachia mtoto wako?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, usikate simu. Uliza zaidi.

Kwenye mahojiano uliza mambo ya kweli. Mtoto akikuomba namba yako ya simu utafanyaje? Ukimwona volantia mwenzako amemketisha mtoto mapajani, utamwambia nani? Hutafuti jibu tamu. Unaangalia kama mtu huyu anakubali kuwekewa mipaka, au anakasirika kwamba humwamini.

Fomu na vitambulisho hivyo visiachwe mezani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za volantia na za watoto. Hata picha ya mtoto haifai kurushwa kwa status yako bila ruhusa ya mzazi au mlezi.

Kanuni zinazofanya kazi kila siku

Hapa ndipo ulinzi ulipo hasa, na hauhitaji pesa nyingi.

Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawe wawili, au mlango uwe wazi. Volantia asilale wanakolala watoto. Asiwachati inbox, asimpe mtoto mmoja zawadi kisirisiri, asimpeleke kwake "kula tu chapati". Miezi mitatu ya kwanza awe chini ya macho ya mtu mzoefu. Kanuni zimguse kila mtu, kuanzia mwanzilishi mwenyewe. Dow ndiye aliyekuwa mwenye makao.

Watoto nao waelezwe kanuni hizo. Mtoto anayejua kwamba mwalimu haruhusiwi kumwita peke yake stoo ataona kasoro mapema na kusema.

Akisema, usimhoji kama askari na usiitishe kikao cha kulinda jina la shirika. Mwondoe mshukiwa karibu na watoto siku hiyo hiyo, kisha ripoti kwa polisi au afisa wa watoto. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, usiku na mchana. Makosa haya ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hayamalizwi kwa kuombana msamaha.

Na volantia atunzwe

Uchujaji huu hautafukuza vijana wazuri mkiwatendea vizuri. Wape nauli na chakula cha mchana. Wawe na mtu mmoja wa kumpigia mambo yakienda mrama. Wakimaliza, waandikie barua inayosema walichofanya. Kwa kijana asiye na cheti cha chuo, barua hiyo inaweza kumfungulia mlango wa kazi. Itakuwa na uzito zaidi ikijulikana kwamba shirika lenu halichukui kila anayejitokeza.

Kwa hivyo msee wangu, likizo hii ukienda kujitolea na uambiwe ulete cheti, wadhamini na usubiri wiki mbili, usinune. Hawajakutusi. Na ukipokelewa kwa dakika tano bila swali lolote, jiulize ni nani mwingine aliyepokelewa hivyo hivyo.