Daktari Aliyekunywa Kwinini Bila Kuumwa

Mwaka 1790, karibu na mji wa Leipzig huko Ujerumani, mwanamume mmoja mwenye afya njema alimeza dawa ya homa. Hakuwa na homa. Hakuwa hata na mafua. Alitaka tu kuona itamfanya nini.

Jina lake Samuel Hahnemann. Alikuwa daktari, ila kazi ya udaktari alikuwa amekwisha kuichoka, akawa anailisha familia yake kwa kutafsiri vitabu vya wengine. Siku hizo alikuwa na kitabu cha daktari wa Uskoti, William Cullen, akafika mahali panaposema kwamba gome la mti wa kwinini huponya homa kwa sababu ya uchungu wake na jinsi linavyolikaza tumbo. Hahnemann akaguna. Vitu vichungu viko tele, mbona haviponyi homa? Basi akalitwaa gome lenyewe, akawa analitumia mara mbili kwa siku, siku kadhaa mfululizo, huku akijichunguza.

Vidole na nyayo vikapoa. Moyo ukaenda mbio. Akasinzia, akatetemeka, akashikwa na kiu. Machoni pake hizo zilikuwa dalili za homa ileile inayotibiwa na gome. Kutoka hapo akaruka hadi kwenye kanuni kubwa: kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Juu ya kanuni hiyo akajenga tiba nzima, akaiita homiopathi, na mwaka 1810 akaitolea kitabu.

Mtu mmoja, jaribio moja, tena anajichunguza mwenyewe. Najua mmeshaona tundu lilipo, wanangu. Lakini msimcheke upesi, kwa maana madaktari wenzake walikuwa wabaya zaidi.

Zama hizo ukishikwa na homa ulibandikwa ruba wakunyonye, au ulichanjwa mshipa damu ichuruzike bakulini. Ulipewa haluli uharishe mpaka ulegee. Ulipewa zebaki, ambayo ni sumu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliumwa koo Desemba 1799. Madaktari wake wakamtoa damu mara kadhaa katika siku moja, na usiku wake akafariki. Labda ugonjwa wenyewe ungemuua hata hivyo, ila damu ile alikuwa anaihitaji. Hahnemann aliyachukia mambo hayo, na katika hilo alikuwa na haki kabisa.

Ndiyo maana homiopathi ilipata sifa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliposhambulia London, hospitali ya homiopathi ilipoteza wagonjwa wachache kuliko hospitali nyingine za mji. Mashabiki wake wanaisimulia habari hiyo mpaka leo, na ni ya kweli. Wanachokiruka ni kwamba huko kwingine mgonjwa aliyekwisha kukauka kwa kuharisha alikuwa bado anatolewa damu na kupewa dawa za kumharisha zaidi. Ukimweka kando ya mgonjwa mwingine anayelazwa kitandani, akaangaliwa vizuri na kupewa matone yasiyo na kitu, huyu wa pili atakuwa na nafuu. Homiopathi ilishinda kwa sababu mpinzani wake alikuwa anaua.

Hayo matone yasiyo na kitu nimeyataja kwa makusudi. Hebu tuone yanavyotengenezwa.

Unachukua tone moja la dawa, unalitia katika matone 99 ya maji au pombe. Unaitikisa chupa kwa kuigonga kwenye kitu kigumu chenye kunesa kidogo. Hahnemann mwenyewe alitumia kitabu chenye jalada la ngozi. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kisha unachukua tone moja la mchanganyiko huo, unalizimua tena katika matone mengine 99, unagonga tena. Hatua ya pili. Vidonge vingi madukani huandikwa 30C, maana yake kazi hiyo imerudiwa mara 30. Mwishoni maji hayo hudondoshewa vijidonge vya sukari, vikakaushwa, vikatiwa kwenye kichupa chenye jina la Kilatini.

Wenye kupenda hesabu wachukue kalamu. Ukifika hatua ya 12, kiasi cha dawa ni kama tone moja lililomwagwa katika sehemu ya tano hivi ya Bahari ya Hindi. Na bado una hatua 18 za kwenda! Kila kitu duniani kimeundwa kwa atomu au molekuli, nazo zina idadi. Haziwezi kugawanywa bila mwisho zikabaki vilevile. Kwenye 30C huwezi kutarajia kukuta hata moja ya ile dawa ya mwanzo. Wafuasi hujibu kwamba maji huikumbuka dawa, na kwamba kadiri unavyozimua ndivyo nguvu inavyozidi. Kama maji yana kumbukumbu, mimi ningeuliza kwa nini yaikumbuke dawa tu na kuyasahau mabomba yote yaliyopitia.

Januari 2010 watu katika miji kadhaa ya Uingereza walisimama hadharani wakameza vichupa vizima vya vidonge hivyo kwa mkupuo, makusudi, kuonyesha kwamba havina kitu. Msijaribu hivyo kwa panado.

Sasa turudi kwenye lile gome, maana hapa ndipo kisa kinapochekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini ndani yake. Mwaka 1880 daktari Laveran, akiwa Algeria, akaviona vimelea vya malaria, ndiyo ile homa inayotibiwa na gome, katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross akavikuta ndani ya mbu huko India. Gome huponya malaria kwa kuwa kwinini iliyomo huviua vimelea hivyo, na kutetemeka kwa Hahnemann hakukuwa na uhusiano wowote na jambo hilo. Yeye alikufa mwaka 1843. Habari za vimelea hakuzipata. Wajerumani waliupanda mti wa gome hilo huku kwetu Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa kuleta dawa, askari wao walinusurika kwa kwinini iliyotengenezwa hapahapa. Aliyewahi kuimeza anaujua uchungu wake, pamoja na masikio kuvuma. Homiopathi nayo inalo gome hilohilo kwenye orodha yake ya dawa. Linaingia gome, inatoka sukari.

Mtu anayekula sukari hiyo kwa ajili ya kikohozi cha siku tatu haumii. Kikohozi kitakwisha chenyewe, na sifa atapewa kidonge. Balaa huanza pale ugonjwa usiokwisha wenyewe unapopewa dawa hiyohiyo. Malaria kali ina saa yake. Kila baada ya saa 48 hivi vimelea hupasua chembe nyekundu za damu, kila kundi likitoa kundi kubwa zaidi. Mtoto aliyekuwa anacheza juzi anaweza kupata degedege leo na kupoteza fahamu. Malaria inaua watu takriban 600,000 kwa mwaka, na walio wengi ni watoto wa Afrika wasiofikisha miaka 5. Anayempa mtoto kidonge kitupu, hata kwa nia njema, ameipoteza ile siku ambayo dawa ya mseto ya malaria ingemwokoa.

Mwaka 2006 mwanamke mmoja alitumwa na watafiti na waandishi wa habari kuzungukia wauzaji na waganga 10 wa homiopathi nchini Uingereza. Alijifanya msafiri anayekwenda Afrika, sehemu zenye malaria, anataka kinga. Wote 10 walimpa ushauri wa homiopathi. Mmoja alimweleza kwamba vidonge vitaziba pengo lenye umbo la malaria katika nguvu za mwili wake. Mbu wa anofelesi hatafuti mapengo ya namna hiyo, anatafuta ngozi. Miaka michache kabla ya hapo madaktari wa Ufaransa walikuwa wameandika katika jarida la tiba la Uingereza juu ya mwanamke aliyekwenda Togo akitegemea kinga kama hiyo. Alirudi na malaria iliyomlaza chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vya ndani vikishindwa kufanya kazi.

Mwaka 2009 madaktari na watafiti vijana waliliandikia Shirika la Afya Duniani wakiuliza waziwazi: je, homiopathi itumike kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuharisha kwa watoto wachanga? Wataalamu wa shirika wakajibu kwamba haipendekezwi kwa maradhi hayo.

Wala msidhani ni maradhi ya nchi za joto tu. Mei 2017, nchini Italia, mtoto wa miaka 7 alifariki kwa ugonjwa wa sikio. Sikio tu, lile linalouma usiku na kutoa usaha, ambalo wengi wenu mmewahi kuugua. Lilikuwa likitibiwa kwa homiopathi badala ya antibayotiki, mpaka maambukizi yakafika kwenye ubongo.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, kwa sababu watu huyachanganya sana. Homiopathi si mitishamba. Mwarobaini unao kitu ndani yake, na ndiyo maana unaweza kukusaidia au kukudhuru. Wanasayansi wanaweza kukipima kitu hicho. Tu Youyou wa China aliupima mmea wa kienyeji wa kwao, akatoa artemisinini, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati imetokana na kazi hiyo. Huko nyuma ni majani, lakini majani yaliyopimwa kwa wagonjwa wengi, dozi ikajulikana. Kidonge cha 30C ukikipeleka maabara, mpimaji atakuta sukari.

Mtaniuliza, mbona basi kinauzwa, tena kwenye duka lenye leseni? Kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinaruhusu vidonge hivi visajiliwe kwa njia nyepesi: mtengenezaji aonyeshe kwamba ni salama na vimezimuliwa vya kutosha, bila kudaiwa ushahidi kwamba vinatibu. Kwa kubadilishana, haruhusiwi kuandika kwenye boksi kwamba vinaponya ugonjwa fulani. Ufaransa, ambako vinapendwa sana, bima ya taifa iliacha kuvilipia tarehe 1 Januari 2021. Anayevitaka bado anavinunua, ila kwa pesa zake.