Ngome inapovuja, mashabiki humsaka mchawi

HAKUNA asubuhi ngumu kwa shabiki wa soka wa Kariakoo kama ile inayofuata siku timu yake ilipofungwa na mtani wake wa jadi. Makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako Twiga na Jangwani. Umbali kati yao ni mwendo mfupi wa miguu, na katikati yake yamejaa maduka, vijiwe vya kahawa na meza za magazeti. Aliyefungwa hana pa kujificha.

Katika vijiwe hivyo hukumu hutolewa kabla kahawa haijapoa, na mara nyingi humwangukia mtu mmoja: kipa au beki wa kati. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba mchezaji huyo "ameuza mechi", bila kuwa na ushahidi wowote. Kumbukumbu za mechi za watani, hata hivyo, zinaonyesha kwamba ngome haivunjwi na kosa la mtu mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Oktoba 20, 2013, katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa mabao 3-0, moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Kwa Wanajangwani, kisasi cha kipigo cha 5-0 cha mwaka uliotangulia kilionekana kukaribia.

Kipindi cha pili mambo yaligeuka. Betram Mombeki aliifungia Simba bao la kwanza, Joseph Owino akaongeza la pili, na Gilbert Kaze akasawazisha dakika za mwisho. Mechi ikaisha 3-3.

Wafungaji wawili kati ya hao watatu, Owino na Kaze, walikuwa mabeki wa kati. Beki wa kati hupanda kwenye lango la adui hasa inapopatikana kona au mpira wa adhabu. Katika mipira ya namna hiyo kila mchezaji wa timu inayojilinda, mshambuliaji akiwamo, hupewa mtu wa kumkaba au eneo la kulinda. Beki mgeni anapofunga, swali la kwanza si kipa alikuwa wapi, bali nani alipewa kazi ya kumkaba na kwa nini alimwachia.

Lawama, hata hivyo, zilimwelemea mlinda mlango. Yanga ikamsajili Juma Kaseja, kipa mwenye sifa kubwa aliyewahi kuidakia Simba kwa miaka mingi. Desemba 21 mwaka huo huo, Kaseja akiwa langoni, Yanga ilifungwa na Simba 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe. Kipa alikuwa mwingine, mabao yakawa matatu vilevile. Safari hii kocha Ernie Brandts naye alipoteza kibarua chake.

Kipigo cha Mei 6, 2012 kinafundisha jambo jingine. Kati ya mabao matano ya Simba, mawili yalifungwa na Emmanuel Okwi, na matatu yalitokana na mikwaju ya penalti iliyopigwa na Patrick Mafisango, Felix Sunzu na Kaseja mwenyewe, wakati huo akiwa kipa wa Simba. Penalti nyingi huzaliwa na beki aliyechelewa, na beki huchelewa hasa anapoachwa peke yake na mshambuliaji mwenye kasi kwa sababu viungo waliopaswa kumsaidia wako mbali.

Novemba 5, 2023 zamu ya kulia ilikuwa ya Msimbazi. Timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1, lakini Yanga ikafunga mabao manne kipindi cha pili na kushinda 5-1. Maxi Nzengeli alifunga mawili, Stephane Aziz Ki moja, na Pacome Zouzoua akamaliza kwa penalti. Siku mbili baadaye Simba iliachana na kocha wake, Robertinho.

Timu iliyo nyuma na inayotafuta bao hulazimika kupandisha mabeki wa pembeni. Mpira ukipotea katikati ya uwanja, mabeki wawili waliobaki hukimbizana na washambuliaji watatu au wanne. Anayeonekana kwenye picha ni beki aliyeteleza. Aliyepoteza mpira mita 40 kutoka hapo haonekani.

Timu inayoongoza nayo ina hatari yake. Washambuliaji huacha kukaba, mabeki hurudi nyuma kwa woga, na kati yao hubaki uwanda ambamo adui hupanga mashambulizi kwa raha.

Shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kukasirika, na hasira yake ina nguvu: imewahi kung'oa makocha na kuharibu majina ya wachezaji wasio na hatia. Lakini mchawi anapokuwa mmoja kila mara, kosa lenyewe halitafutwi, na hubaki uwanjani likisubiri mechi nyingine ya watani.