Habari za Majimbi

Jimbi nitakayemtaja leo si yule awikaye alfajiri. Nataka kuzungumza nanyi habari za jimbi la shambani, ambalo wengi katika Kenya huliita nduma.

Asili ya mmea huu ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, nao ulifika Afrika zamani sana. Hupenda udongo wenye majimaji, mabondeni na kando ya mito. Ua lake huonekana kwa nadra. Ni kijiti kilichozungukwa na jani la rangi ya manjano lililojikunja. Maua ya kike yako chini ya kijiti, na ya kiume juu yake. Kwa hiyo mkulima hangoji mbegu, bali hupanda kichwa cha jimbi pamoja na kipande cha vikonyo vyake, au vijimbi vichanga viotavyo ubavuni.

Je, mbona jimbi bichi huwasha? Ndani yake mna chembe nyembamba mfano wa sindano, ndogo hata jicho haliwezi kuziona, nazo huchoma ulimi na koo. Hapana budi jimbi lipikwe mpaka liive kabisa, na majani yake vivyo hivyo. Mtoto asilionje bichi, hata kwa mchezo.

Sasa sikilizeni yaliyowapata watu wa Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Huko majimbi yalikuwa chakula kikuu na bidhaa ya kuuzwa ng'ambo, na wakulima wengi walipendelea namna moja tu. Mwaka 1993 ukaingia ugonjwa wa majani. Madoa madogo yalitokea, yakapanuka, majani yakaoza, na mashamba karibu yote yakaharibika. Kwa nini? Mmea uliotokana na kichwa cha mama yake hufanana naye kwa kila hali. Ugonjwa uliomshinda mmoja huwashinda wote. Baadaye wataalamu walileta majimbi ya nchi nyingine, wakayachanganya na ya kwao, wakapata namna zistahimilizo ugonjwa ule.

Basi nasi tupate funzo. Usipande namna moja peke yake; panda mbili au tatu. Wala usichukue mbegu katika shamba lenye ugonjwa, hata ukipewa bure.