Fahamu: Kwa nini mbwa mkubwa huzeeka mapema
Mbwa wenye miili mikubwa, kama Great Dane, wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 10. Wadogo, kama Chihuahua, huweza kupita miaka 14. Sababu mojawapo inayotajwa ni kukua kwa kasi utotoni.

Uzee huja taratibu: viungo hukakamaa, macho hupata mtoto wa jicho, meno huoza, figo na moyo hudhoofika. Wengine hupoteza kumbukumbu na kutangatanga usiku.

Nchini Marekani, watafiti wa Dog Aging Project wanachunguza iwapo dawa ya rapamisini inaweza kurefusha maisha ya mbwa.

Usisubiri dawa hiyo. Usimwache mbwa wako anenepe, mpeleke kwa daktari wa mifugo kila miezi 6. Akichechemea, usiseme ni uzee tu: anaumia, na maumivu hutulizwa.