Uvimbe Maji wa Bandama: Si Kila Kinachovimba Ubavuni ni Malaria

Katika Kanda ya Ziwa, bandama ni kiungo chenye sifa mbaya. Kuanzia kata ya Kambarage mjini Shinyanga hadi machimbo ya Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, mtu akilalamikia uzito chini ya mbavu za kushoto, jirani huwa na jibu tayari: ni malaria iliyokaa mwilini. Mara nyingi jirani hakosei. Malaria ya kujirudia, kichocho cha tumbo na selimundu hukuza bandama, na maradhi hayo yote yapo katika ukanda huu. Hatari huanza pale jibu hilo linapomzuia mgonjwa kupimwa, au linapompeleka kuchanjwa chale juu ya uvimbe uliojaa majimaji.

Uvimbe maji wa bandama ni nadra, nao una makundi mawili. Kundi la kwanza husababishwa na kiluwiluwi cha mnyoo tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Binadamu humeza mayai yake kwa mikono, maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mbwa. Maradhi hayo yanafahamika sana katika jamii za wafugaji, hasa Turkana nchini Kenya, ingawa hushambulia ini na mapafu mara nyingi zaidi kuliko bandama. Kundi la pili halihusiani na vimelea. Upo uvimbe wa kuzaliwa nao, wenye utando wake wa ndani, ambao hugundulika zaidi kwa watoto na vijana. Upo pia unaofuata jeraha: damu iliyovia ndani ya bandama huyeyuka polepole na kuacha kifuko cha majimaji.

Aina hii ya mwisho inawahusu kwa namna ya pekee wachimbaji wadogo. Anayeanguka ndani ya duara na kuumia ubavu huweza kumeza dawa za maumivu, akapumzika siku chache na kurejea kazini. Huenda ikapita miezi au miaka kabla hajaanza kushiba upesi, kuhisi uzito tumboni, au kupata maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto. Kufikia hapo ajali imekwisha kusahaulika. Ndiyo maana daktari huuliza habari za zamani.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, ambayo hutofautisha majimaji na nyama. Sitiskani huonyesha ukubwa wa kifuko, mahali kilipo na kiasi cha bandama iliyosalia nzima. Kipimo cha damu husaidia kubaini vimelea. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa kuwa kutoboa ovyo kifuko chenye vimelea kwaweza kuwasambaza tumboni na kuleta mshtuko wa mzio unaoua.

Uvimbe mdogo usio na dalili unaweza kufuatiliwa tu. Ule unaozidi sentimita 5, unaouma au unaoendelea kukua, kwa kawaida hufanyiwa upasuaji, kwani unaweza kupasuka, kuvuja damu au kuoza. Kuunyonya kwa sindano pekee hakufai sana. Majimaji hujaa tena.

Mwaka 1867, mpasuaji wa Ufaransa Jules Péan alimwondolea mgonjwa bandama nzima yenye uvimbe wa namna hii, na mgonjwa akapona. Kwa miaka mingi njia hiyo haikutiliwa shaka. Mwaka 1952, King na Shumacker walieleza habari za watoto wachanga waliopatwa na maambukizi makali baada ya kuondolewa bandama. Tangu hapo ilieleweka kwamba kiungo hiki huchuja damu na kuulinda mwili. Hivyo leo wapasuaji hupendelea kukata kifuko pamoja na sehemu iliyoathirika, wakibakiza angalau robo ya bandama, inapowezekana kwa matundu madogo.

Kwa mkazi wa Shinyanga au Geita, robo hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu anarudi nyumbani kwenye mbu wale wale. Ikibidi kuondoa bandama yote, chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo hutolewa angalau wiki 2 kabla ya upasuaji uliopangwa. Baada yake, chandarua kiwe cha kila usiku, na homa yoyote ipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa hii. Lakini safari ya kupona huanzia kwenye zahanati ya jirani, pale mhudumu anapopapasa ubavu wa kushoto na, hata kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, asimruhusu mgonjwa aende zake bila kumwandikia ultrasaundi.