Mlima Ulionekana, Moshi Ukabaki Jikoni

Naomba niwaeleze jambo lililonifungua macho wakati wa korona.

Mnakumbuka Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikakaa nyumbani Ekerenyo hadi Januari 2021. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili watu wakakatazwa kuingia wala kutoka Nairobi. Mwezi huo baba mdogo anayeishi huko alitutumia picha kwa simu: mbele majumba ya jiji, nyuma yake Mlima Kenya! Wengi walisema ni picha ya kubandikwa, maana mlima uko zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini. Kumbe ni kweli.

Nikamkimbilia mama jikoni. Akafuta machozi, akasema, "Mlima umeonekana Nairobi? Mimi hapa sioni hata sufuria."

Sasa sikilizeni. Moshi wa magari na viwanda una chembechembe nyembamba kuliko unywele. Hizo ndizo huziba macho yasione mbali, tena huingia hadi mapafuni. Magari yalipopungua, nazo zikapungua, na mvua ya Aprili ikaosha zilizosalia. Kwingineko mambo yalikuwa hivyo hivyo. Huko India, watu wa mji wa Jalandhar waliona milima ya Himalaya. Duniani kote, kaboni dioksidi inayotolewa kwa siku ilishuka kwa takriban asilimia 17 mapema Aprili, ikilinganishwa na 2019.

Lakini tusishangilie bado. Chembechembe huondoka hewani baada ya siku chache, ilhali kaboni dioksidi hukaa angani miaka na mikaka. Ni kama pipa: ukipunguza maji ya mfereji kidogo, pipa bado linajaa. Isitoshe, mwaka 2021 magari yalirudi barabarani na moshi ukapanda tena.

Na jikoni kwetu je? Korona ilizidisha! Watoto wote tulikuwa nyumbani. Chai, uji na ugali vyote vilipikwa kwa kuni mbichi za mkaratusi. Moto wa kuni mbichi hupoteza nguvu kukausha maji, kwa hivyo haziungui vizuri, zinafuka tu. Chembechembe ni zile zile za mjini, ila jikoni hazina pa kutokea. Mama alikuwa akikohoa, na siku zile aliyekohoa aliogopwa. Majirani wakaanza kutupitia mbali. Iliniuma sana.

Basi baba akatoboa dirisha juu ya meko, nami nikawa napasua kuni na kuzianika darini wiki kadhaa kabla ya kutumiwa. Moshi haukuisha, lakini kikohozi kilipungua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jiko la kuni, ndugu msomaji, mimi nasema toboa ukuta! Tusingoje ugonjwa mwingine ndipo tuvute hewa safi.